Mlinzi wa Kupigwa Picha

Siku mliyoniaga kwa soda na keki, vijana wa getini, mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi hii kabla sijasahau. Nilidhani mnatania. Lakini mmoja wenu ameendelea kunipigia simu kuulizia, kwa hiyo naandika. Mkono wangu ni mzito. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru kanisani, mtaa wa Pasua, dawati moja na mama muuza ndizi aliyenicheka kila herufi yangu ilipotazama upande usio wake. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Cheo changu kilikuwa kwenye beji, mlikiona. Mshahara mkitaka kuujua, viulizeni viatu vyangu.

Sikuja mjini kwa kupenda. Kwetu ni tambarare, kule ambako mlima unauona mzima kuanzia miguuni hadi kichwani, na mvua yake huioni. Ukame wa mwaka ule uliondoka na ng'ombe wetu. Baba alikuwa laigwanani, kiongozi wa rika lake, mtu ambaye wengine walitembea mwendo mrefu kumfuata awaamulie kesi zao. Siku naondoka hakunikataza, wala hakunitemea mate ya baraka kama ilivyo desturi. Alisema tu, "Nenda ukaangalie mali za watu." Kwa Kimaasai maneno hayo yanauma kuliko yanavyosikika kwa Kiswahili.

Mjini, walinzi tulipatikana ukutani, si mbali na stendi. Asubuhi tulisimama pale, Wamaasai watupu, na mwenye kuhitaji mlinzi alikuja kuchagua. Walitazama urefu, macho, na kama una makovu ya kutisha wezi. Mama mmoja aliniambia nigeuke. Nikageuka. Mimi mwenyewe nimewahi kuchagua mitamba mnadani kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo nilijua hasa anachokitafuta. Aliondoka na mwingine.

Aliyenichukua alikuwa mwenye duka la saruji na mabati Pasua, Mchagga ambaye kila mtu alimwita Mangi. Hakuniuliza jina. "Yero," aliniambia, "utakaa hapa mlangoni na yule mzee wako." Ndivyo mjini walivyomwita Mmasai yeyote, na miaka yote niliyokaa pale nilikuwa Yero. Jina langu ni Lekishoni, ila sikuona haja ya kumsumbua.

Mzee niliyeonyeshwa kwa kidole aliitwa Melita. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu mweupe, lakini kwa hilo lililobaki aliona mambo mengi kuliko alivyopenda. Ndiye aliyenifundisha kazi. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kukaa. Kijana mgeni, alisema, husimama wima kama mlingoti wa bendera, akachoka mapema, na akichoka analala. Mlinzi hukaa mahali ambapo mgongo una ukuta na miguu ina baridi kidogo. Pili, tochi. Tochi huwashi ili uone, unawasha ili uonekane. Tatu, rungu. Alinikataza kulinyanyua juu. "Ukilinyanyua, lazima upige," alisema. "Ukipiga, utaonekana wewe ndiye mnyama. Gonga nalo geti. Mwizi akisikia upo macho, ataenda kwingine."

Nikamuuliza, "Kwingine wapi?"

"Kwa jirani," alijibu, akaendelea kuchemsha chai.

Ndiyo kazi yetu hiyo, tusidanganyane. Hatuondoi wizi, tunauhamisha.

Asubuhi moja Mangi alifungua stoo akakuta mifuko ya saruji imepungua. Kufuli halikuvunjwa. Hakumtazama mtu mwingine. Nilipelekwa kituo cha polisi nikitembea katikati ya watu wawili, shuka limekamatwa kwa nyuma kama mtu anavyokamata kamba ya ndama, na wauza mitumba wakasimama kuangalia. Mzee Melita alifuata hadi mlangoni pa kituo, akakaa chini nje, akakataa kuondoka. Jioni yake ikajulikana kwamba mwanawe Mangi alikuwa na ufunguo wa pili na rafiki mwenye pikapu. Niliachiwa. Mangi alimtuma mkewe kutuletea bakuli la mtori wa ndizi, wenye nyama nyingi kuliko kawaida, na mimi nikaula huku nikijichukia kwa sababu ulikuwa mtamu. Niliombwa msamaha na ndizi. Mzee Melita alisema mwenye duka kuomba msamaha kwa mlinzi ni jambo gumu, na ndizi hazina ugumu.

Mangi alipofunga duka, tulihamia sote wawili kwenye hoteli ya wapanda mlima, upande wa Rau, karibu na msitu. Mnaifahamu, maana ndipo mlipo ninyi sasa. Meneja wakati ule alikuwa Bwana Elia, mtu mpole, Mkristo mzuri, hajawahi kunitukana hata siku moja. Naandika hivyo ili msije mkadhani nalalamikia ukali. Siku ya kwanza tulipewa makoti ya kijani na buti. Nililipenda lile koti. Lilikuwa na mifuko, na mtu aliyenipita barabarani aliona mfanyakazi.

Halikudumu. Bwana Elia aliniita ofisini akaniambia wageni wamependekeza. "Wanakuja kutoka mbali, Lekishoni. Wakikuta koti getini wanaona kama wako kwao. Vaa shuka lako, vaa zile shanga, shika rungu. Kuwa wewe mwenyewe."

Nikavua koti nikawa mimi mwenyewe, kwa amri. Shanga walizonipa zilinunuliwa duka la watalii, na nyingine zilikuwa za aina wanayovaa wasichana wasioolewa. Mzee Melita aliponiona aligeuza uso upande wa jicho lile bovu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Baada ya muda ikaongezeka kuruka. Wageni walioshuka mlimani, midomo imepasuka kwa baridi, walipokelewa kwa wimbo, na mimi na wenzangu watatu tuliruka juu kama morani, vijana wapiganaji wa kwetu. Mwanzoni nilijiambia ni mazoezi. Mwili ulikuwa na nguvu bado. Kisha nikagundua kwamba ninaruka juu zaidi pale mwenye kamera anaponikaribia, bila kuambiwa na mtu, na jambo hilo liliniuma kuliko kuambiwa.

Baba alikuja alasiri moja bila taarifa. Alikuwa ameleta habari za msiba wa mjomba, na hakuna aliyekuwa na simu ya kunifikia. Walinzi walimkalisha kwenye benchi la madereva. Mimi sikumwona. Gari la wageni liliingia, tukaanza. Nilikuwa hewani nilipoona fimbo yake ya uongozi, ile nyeusi, imesimamishwa katikati ya magoti yake. Hewani hakuna cha kufanya. Unashuka tu, na ukishashuka wimbo unakutaka upande tena. Nikaruka hadi mwisho.

Nilimfuata, nikainamisha kichwa aniguse, kama mtoto anavyomsalimu mkubwa. Alinigusa.

"Leo nani ametoka jandoni?" aliniuliza.

"Hakuna, baba."

"Nani anaoa?"

"Hakuna."

"Basi mmechinja nini?"

Bwana Elia akaja anatabasamu, mikono miwili mbele kwa heshima. "Shikamoo mzee! Karibu sana!" Kisha akanigeukia. "Lekishoni, huyu baba yako ana sura! Muulize kama anaweza kuwa anakuja Jumamosi. Hatafanya kitu, akae tu pale kwenye kigoda na fimbo yake, wageni wampige picha. Chakula tutampa."

Nilimtazama baba nikamwambia kwa Kimaasai, "Anasema umekaribishwa, na kwamba anakuheshimu sana."

Baba alisimama, akarekebisha shuka begani, akamtazama Bwana Elia usoni na kumwambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Asante kwa chakula. Nimeshiba."

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Na mimi, mwanawe, sikuwahi kujua kwamba anakisema Kiswahili. Alikipatia minadani, kumbe, akikinyamazia ili wanunuzi waseme mbele yake bila kuogopa. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alinieleza habari za msiba na nani atachimba kaburi. La pale hotelini hakuligusa, siku ile wala baadaye, na sasa ameshafariki. Niliwahi kutamani angenichapa kwa ile fimbo. Ningekuwa na kitu cha kusimulia.

Kisha zikaja kamera. Fundi alizifunga kwenye kila kona, Mzee Melita akimshikia ngazi. Walipomaliza, mzee aliuliza kama hicho kitu nacho kina zamu ya mchana, na usiku kinakuja kingine. Fundi alicheka sana. Hakujua kwamba ulikuwa ni utani, na kwamba mzee alikuwa ameshaelewa.

Nyuma ya kamera ikaja kampuni ya ulinzi kutoka nje ya mkoa. Walitaka cheti cha kidato cha nne, mafunzo ya mgambo, na mtu anayeweza kukaa mbele ya kompyuta akitazama picha za geti huku geti lenyewe liko dirishani pake. Sisi tuliotoka tambarare, wengi hatukuwa na vyeti hivyo. Shule kwetu ilikuwa mbali, na aliyepelekwa mara nyingi ni yule asiyejua kuchunga. Wenzetu waliitwa mmoja mmoja wakashukuriwa. Mzee Melita alikuwa wa mwisho.

Nilikwenda kwa Bwana Elia. Nilivaa shati.

"Bwana Elia, yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye akionekana hafai, mimi nitafaa vipi? Sina cheti zaidi yake."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Lekishoni, hujanielewa. Wewe hatukubakizi kwenye ulinzi. Ulinzi ni wa kampuni. Wewe utakaa getini kwa ajili ya picha. Mzee Melita, na lile jicho... unaelewa."

Nilielewa. Naserian, binti yangu, alikuwa chuoni akisomea mifugo, na mama yake alikuwa anauza ugoro na dawa za mizizi sokoni. Nawaambieni hilo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linanisafisha. Mzee Melita alinikabidhi tochi yake. Aliniambia, "Ukiwa na kazi usiikimbie," akaenda kukaa kwa binti zake. Nilimtembelea kila nilipopata nafasi, na kila nilipofika alinipa kiti kizuri kuliko chake, nami nikashindwa kukikalia vizuri.

Kampuni ikaniletea rungu jipya la dukani, limepigwa msasa na vanishi, jepesi kama mwiko. Ukiligonga getini lilitoa mlio wa sanduku tupu. Sikuligonga mara ya pili.

Baada ya wenzangu kuondoka, wa kuruka wakapungua, na hoteli ikatafuta vijana. Walikuja kutoka Pasua na huko juu vijijini, Wachagga na Wapare, mmoja Mnyaturu. Wakapewa mashuka. Nikaambiwa niwafundishe kuruka na kusalimia kwa Kimaasai. Kiongozi wao aliitwa Godlisten, kijana mwembamba mwenye adabu. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu shuka limefungwa kama taulo la kuogea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani, mzee. Nauliza tu. Hii si vibaya? Mimi natokea Kirua. Kwetu ni Walutheri."

"Unatafuta kazi?"

"Natafuta, mzee. Kihamba cha baba tumegawana ndugu wote, sehemu yangu ukilala miguu inaingia kwa kaka. Kahawa waling'oa. Nilibeba mizigo mlimani, goti likaharibika."

"Goti bovu halafu unaruka?"

"Nitaruka na lile jingine."

Nilimfunga shuka vizuri. Nilimfundisha kila kitu: kupumua, kuweka mikono, kushuka kwa visigino. Akawa hodari, wageni wakampenda, na wakawa wananipita mimi kumfuata yeye kwa sababu ni kijana na anatabasamu. Nikaona wivu. Mtu mzima, baba wa watoto, namwonea wivu Godlisten wa Kirua kwa kuwa Mmasai kuliko mimi. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo hadi hapa.

Naserian alimaliza chuo akarudi na stashahada yake. Akatembeza barua mjini, kila ofisi ikimtaka uzoefu, na uzoefu hauuzwi popote. Bwana Elia alikuwa karibu kustaafu, akasikia, akaniita kwa furaha. Hoteli ilitaka msichana wa kuwapokea wageni mlangoni na kuwapa juisi. "Avae shanga, zile kubwa za shingoni, anyoe nywele kama dada zenu. Mzungumzie, wewe ni baba yake."

Nilimzungumzia. Tulikaa nje ya chumba chetu Pasua, mama yake akiwa ndani anasikiliza. Nilisema kazi ni kazi. Nilisema hakuna atakayemtukana, kwamba ni watu wapole. Naserian alinisikiliza hadi mwisho. Tangu mdogo ana tabia hiyo, na huwa ni mbaya kwa anayezungumza.

"Baba," aliniuliza, "ni wao wanaonitaka au ni wewe unayeniomba?"

"Wao."

"Na wewe unasemaje?"

Nilitaka kusema ukweli, nikatafuta ukweli wenyewe ulipo, nikakuta kwamba nataka aje. Si kwa ajili ya mshahara. Nilitaka akija naye akasimama pale mlangoni, yangu ionekane kazi kama kazi nyingine. Nikasema, "Mimi sina neno."

"Basi hapana," alisema. Akaingia ndani kumsaidia mama yake.

Aliyempa kazi ni kikundi cha akina mama wafugaji huko juu mlimani, wenye kituo cha kukusanyia maziwa. Kila mmoja ana ng'ombe wake wawili watatu bandani, wanaolishwa migomba na majani ya kukatwa. Mwanzoni, Naserian anasimulia, waliguna. Mmasai apime maziwa yao? Ng'ombe wa tambarare si wanatoa kikombe na kilio? Mwenyekiti wao, Mama Ndeshi, alimaliza ubishi kwa kusema kwamba katika walioomba, huyu peke yake aliuliza kwanza ng'ombe wanakunywa maji gani. Wakampa. Sasa ana koti jeupe, ana kioo kinachoelea cha kugundua maziwa yaliyoongezwa maji, na anawaogopesha. Mama mmoja alimwambia kwamba yeye ni mkali kuliko mchungaji siku ya sadaka.

Mimi nikastaafu. Mlinipigia makofi, mkanikatia keki, na mgeni mmoja akaomba picha ya mwisho.

Juzi nilipanda bodaboda kwenda kumwona Naserian kazini. Sikuwa nimewahi kufika. Nilivaa suruali na koti la mtumba la kijani, lenye mifuko. Asubuhi ilikuwa na ukungu, migomba inadondosha maji, na akina mama wamepanga foleni na ndoo zao, wamejifunga kanga juu ya sweta. Naserian alikuwa ameinama kwenye ndoo akitazama kile kioo. Aliponiona alifurahi, aliinamisha kichwa mbele ya wote nikamgusa. Wale mama wakageuka kuangalia.

"Naserian, huyu ni nani?" aliuliza mmoja aliyekuwa mbele, mnene, mwenye sauti.

"Ni baba yangu."

"Eeh! Shikamoo baba! Karibu kwetu. Na baba anafanya kazi gani huko?"

Naserian alikifuta kwanza kile kioo kwa kitambaa. Nilingoja. Nilikuwa tayari kwa neno "mlinzi". Nimelivaa maisha yangu yote, lingenitosha. Alirudisha kioo ndani ya maziwa.

"Ni mfugaji," alisema.

Foleni nzima ikaguna kwa heshima. Nikapewa kigoda. Yule mama akanieleza habari za ng'ombe wake mwenye kiwele kilichovimba upande mmoja, nami nikamjibu nilichokumbuka kwa marehemu baba, akamkamue huyo baada ya wengine wote, na maziwa yake asiwape ndama. Akashukuru. Kisha akauliza, kwa wema kabisa, kama wafugaji wanavyoulizana:

"Na wewe baba, unao wangapi?"

Nikamwambia kwamba sisi kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Hilo ni kweli kabisa, muulizeni Mmasai yeyote. Mama akacheka, akasema Wamaasai bwana, mna siri. Naserian alikuwa bado ameinama, anatazama maziwa, na hakuinua kichwa mpaka yule mama alipochukua ndoo yake akaondoka.